Mpira Mbichi na Istilahi Mbichi: Funzo kutoka Lodwar na Kakuma

Neno mpira limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Ni mchezo, ni kitu kinachopigwa teke katika mchezo huo, ni bomba laini la kunyweshea bustani, na ni mali ghafi itokayo katika utomvu wa mti. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna taabu, kwani muktadha hufumbua fumbo. Taabu huanza pale mwalimu anapotaka kueleza kilichotendeka kati ya utomvu ule na gurudumu la lori. Mpira wa mwanzo na mpira wa mwisho ni vitu viwili tofauti kwa tabia, ilhali lugha inaviita kwa jina moja, na hatua iliyogeuza kimoja kuwa kingine haina jina lililozoeleka. Makala haya yanadai kwamba nyenzo za kuunda jina hilo zimo tayari katika Kiswahili cha kila siku, na kwamba mahali pa kulipima ni karakana za Lodwar na Kakuma.

Kwa nini Turkana? Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana kando ya Mto Turkwel, ni miongoni mwa miji yenye joto kali nchini Kenya. Kakuma, iliyo umbali wa takribani kilomita 120 upande wa kaskazini magharibi, ina kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, na humo Kiswahili huwakutanisha wenyeji na watu waliotoka Sudan Kusini, Kongo, Burundi na kwingineko. Maisha ya miji hii miwili yanabebwa na mpira: malori ya chakula, pikipiki za bodaboda, baiskeli, na akala. Tairi likichoka halitupwi. Hukatwa likawa viatu vinavyostahimili miiba na mchanga wa moto. Ni nadra kupata mahali ambapo tabia za mpira zinajulikana kwa vitendo kuliko hapo.

Kikemia, mpira wa asili ni mkusanyiko wa minyororo mirefu ya molekuli inayoteleza huku na huko. Ukiwa mbichi, hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Mnamo mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani alibaini kuwa mpira uliochanganywa na salfa na kutiwa moto huacha kunata. Alipata hataza mwaka 1844, wakati ambapo Thomas Hancock wa Uingereza naye alikuwa akishughulikia jambo lilo hilo. Salfa hujenga madaraja kati ya mnyororo na mnyororo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mnyororo mmoja hauhimili mzigo. Ikiunganishwa, hunyumbuka na kurejea umbo lake. Kipimo ndicho hoja. Sehemu mbili au tatu za salfa kwa sehemu 100 za mpira hutoa kitu kinachonyumbuka. Sehemu 30 na zaidi hutoa eboniti, ambayo ni ngumu kama mti.

Aidha, salfa haifanyi kazi peke yake. Zamani kuupika mpira kwa salfa tupu kulichukua saa kadhaa. Tangu mwaka 1906, George Oenslager alipotumia anilini huko Akron, Marekani, viongezwa vya kuharakisha vimepunguza muda huo hadi dakika chache. Oksidi ya zinki na asidi ya steariki huamsha viharakishi hivyo. Masizi laini huupa mpira nguvu dhidi ya kukwaruzwa na kuukinga na miale ya jua, na ndiyo sababu matairi ni meusi. Nta hujitokeza polepole hadi usoni mwa tairi na kuzuia ozoni isiupasue mpira. Salfa ikipunguzwa na viharakishi vikiongezwa, madaraja huwa mafupi na mpira huhimili joto vyema zaidi. Mpira wa asili ukipikwa kupita kiasi, baadhi ya madaraja huvunjika nao hulegea tena.

Sasa na atazamwe fundi. Beseni la plastiki lililopasuka huzibwa kwa kisu kilichopashwa moto, kwa sababu plastiki ya namna hiyo huyeyuka na kuungana tena. Fundi wa akala hathubutu kuyeyusha tairi. Hulikata kwa kisu, kwa kuwa madaraja ya salfa hayaruhusu minyororo kuachana. Tairi likitiwa moto huungua tu na kutoa moshi mzito. Fundi wa pancha anayebandika kiraka cha mpira mbichi kwenye tyubu na kukibana kwa moto anafanya, katika eneo la vidole viwili, kile kile kinachofanywa na kiwanda. Akikitoa mapema, kiraka kinanata na kubanduka. Akikiacha kupita kiasi, kinaharibika. Maarifa anayo. Asichopewa ni lugha ya kuyaunganisha na somo la kemia, ambalo katika shule za upili za Kenya hufundishwa kwa Kiingereza.

Hapo ndipo wanaistilahi wanapopaswa kuulizwa. Njia nyepesi ni kutohoa na kusema uvulkanishaji. Neno hilo si kosa, lakini halimwambii kitu anayelisikia kwa mara ya kwanza. Kiswahili kina jozi kamili: mbichi na kuiva. Mpira mbichi huivishwa. Usipoiva hunata, ukipitiliza hulegea. Kutokana na kitenzi kimoja hupatikana uivishaji, kiivishi kwa salfa, na kiharakishi cha uivishaji kwa kemikali za akina Oenslager. Masizi yabaki masizi. Hata salfa ina historia ndani ya lugha: neno kibiriti, ambalo leo ni jina la njiti za kuwashia moto, asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni salfa.

Wapo watakaopinga kwa hoja kwamba sayansi ni ya ulimwengu mzima, na kwamba mwanafunzi anayezoea uivishaji atapotea akikutana na vitabu vya kigeni. Hoja hii ina uzito na haifai kubezwa. Hata hivyo, istilahi ya kigeni yenyewe ilitokana na Vulcan, mungu wa moto wa Warumi. Waliolibuni walichota katika hadithi za jadi zao. Istilahi ya Kiswahili na ile ya kutoholewa zinaweza kukaa katika kidahizo kimoja, ya kwanza ikifafanua na ya pili ikielekeza kwenye vitabu vya nje.

Jambo hili si la kamusi peke yake. Tairi lililozeeka juani huweza kuwa na kashata nene na bado likapasuka njiani, kwa sababu kinga zake zimekwisha na mpira umepoteza unyumbufu. Mwendesha bodaboda anayebeba mama mjamzito kutoka kijijini hadi Lodwar anastahili kuelezwa hilo kwa lugha anayoielewa. Tahadhari isiyoeleweka haiokoi mtu.

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na BAKITA imekuwapo tangu mwaka 1967. Msingi umewekwa. Kinachohitajika sasa ni wanafunzi wa Kiswahili, wakiwamo wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kwenda kwenye vibanda vya pancha na vya akala wakiwa na daftari, kuandika fundi anaitaje kila hatua, kisha kuketi na wanakemia ili kupima usahihi. Ikiwa fundi ana neno bora kuliko kuivisha, basi kuivisha na kuondoke. Istilahi iliyotungwa mezani bila kupitia mikono ya watumiaji ni sawa na kiraka kisichopata moto: hunata kwa siku chache, halafu hubanduka.