Kisanduku cha gita: kukinunua au kukiunda?

Safari hii twajibu barua moja peke yake, kwa sababu jibu lake si la maneno mawili, na kwa sababu twajua kwamba wapiga gita wa kwaya nyingi za Masisi na Walikale wamepatwa na shida ile ile.

Aliyetuandikia ni kijana wa kwaya katika milima ya Masisi. Gita lake hulia kwa ampli ya betri aliyoundiwa na mjomba wake, fundi wa redio: chombo cha kukuzia sauti kilichotolewa katika gari bovu, kikafungwa ndani ya sanduku la mbao pamoja na bafle moja. Sauti yake ni tamu, na waimbaji wameizoea. Ila haifiki nyuma ya kanisa. Sasa parokia imepata meza ndogo ya kuchanganyia sauti na bafle mbili kubwa, na redio ya jirani imeahidi kuja kunasa nyimbo za sikukuu. Waimbaji wana maikro zao. Gita je? Walijaribu kusimamisha maikro mbele ya ile bafle ndogo, nayo ikanasa ngoma, na vilio vya watoto, na kila mzee aliyekohoa. Kijana ameambiwa kwamba Goma hupatikana kisanduku kiundwacho ng'ambo, ambacho huitoa sauti katika ampli na kuipeleka mezani. Akiba yake yatosha kukinunua, lakini akikinunua hatabakiwa na fedha ya nyuzi za gita mwaka mzima. Mjomba wake asema, "Usitupe fedha yako, nitakuundia kwa siku moja." Kijana auliza: "Mzee, nimsikilize nani?"

Na tuanze kwa kujua kazi ya kisanduku chenyewe. Gita hutoa umeme mdogo mno, sehemu ndogo tu ya volti moja. Ampli huukuza hata uweze kuisukuma bafle. Ampli ya wati 50, yenye bafle ya omu 8, ikipigwa kwa nguvu zake zote hufikia volti 20. Ampli ya gari itumiayo betri ya volti 12 hufika kama volti 8 na nusu. Lakini mlango wa meza wataka volti moja hivi, au pungufu yake. Mwenye kuutia mlango huo umeme wa bafle ni kama mtu amnyweshaye mtoto mchanga kwa ndoo.

Basi kazi ya kwanza ya kisanduku ni kupunguza. Kazi hiyo ni rahisi kabisa: rezistansi mbili zilizofuatana, moja ya omu 10,000 na ya pili ya omu 1,000, zikiunganishwa kutoka waya mmoja wa bafle hata waya wa pili. Umeme unaochukuliwa juu ya ile ndogo ni sehemu moja tu ya kumi na moja. Volti 20 zawa 1.8, volti 8 na nusu hazifiki hata 0.8. Rezistansi hizo hazipati moto, kwa maana nguvu ipitayo humo haifiki hata sehemu moja ya ishirini ya wati. Hata zile ndogo za robo wati zatosha. Bafle haitolewi mahali pake. Yaendelea kulia kama kawaida, na kisanduku chasikiliza tu kando yake. Hapo mjomba ana haki. Kumlipa mtu wa ng'ambo fedha nyingi kwa ajili ya rezistansi mbili ni hasara.

Lakini iko kazi ya pili, na hiyo ndiyo iliyotugharimu sisi wenyewe.

Miaka iliyopita tuliombwa kusaidia kwaya moja usiku wa kuamkia arusi. Ampli yao ilikuwa ya namna hii hii, ya gari. Tulijiona mafundi. Tulichukua kopo la maziwa, tukatoboa matundu mawili, tukafunga jaki ya kuingilia upande huu na ya kutokea upande ule, tukalehemu rezistansi zetu, tukasimama kuitazama kazi yetu kwa furaha. Ampli na meza zote mbili zilikuwa zikila betri moja. Tulipochomeka waya, hatukusikia gita wala mtu. Tulisikia kishindo kidogo, kisha harufu ambayo kila fundi aijua. Kesho yake bibi arusi aliingia kanisani kwa ngoma na makofi. Hakuna aliyelalamika, ila mwenye ampli alikaa kimya siku nzima, na kimya chake kilituuma kuliko matusi.

Kosa lilikuwa nini? Ampli nyingi za gari, ili zipate nguvu kubwa kwa volti 12 tu, huisukuma bafle kwa pande mbili pamoja: waya mmoja ukipanda, wa pili washuka. Kwa hiyo hakuna waya hata mmoja wa bafle ulio sawa na upande wa hasi wa betri. Sisi tulidhani uko. Jaki yetu ya kuingilia iligusa bati la kopo. Bati likagusa jaki ya kutokea. Jaki hiyo ikaungana na meza. Meza ikaungana na hasi ya betri. Nusu ya ampli ikawa imefungwa moja kwa moja kwenye hasi, ikaungua. Ampli ambayo waya wake mmoja wa bafle umeungana na hasi isingedhurika. Kopo lile lile, mikono ile ile, na ampli nyingine ingepona.

Kwa hiyo, kijana wetu, kabla ya kununua wala kuunda, mwombe mjomba aipime ampli yake. Aiwashe bila kupiga gita. Aweke mkono mweusi wa multimeta kwenye hasi ya betri, na mkono mwekundu auguse waya mmoja wa bafle, kisha wa pili. Kila mmoja ukionyesha kama volti 6, yaani nusu ya betri, ampli hiyo ni ya pande mbili, na kisanduku cha rezistansi peke yake kitaiua. Sisi twadhani ndivyo itakavyokuwa, kwa kuwa imetoka garini.

Dawa yake ni ile ndogo ambayo mafundi wa Goma huiita transfo. Ni nyuzi mbili za shaba zilizozungushwa juu ya chuma kimoja bila kugusana. Sauti hupita kutoka uzi huu hata ule kwa nguvu za sumaku, wala hakuna waya unaounganisha ampli na meza. Ampli yabaki na umeme wake, meza na wake. Tena transfo huondoa ule mngurumo usikikao vyombo viwili vinapounganishwa kwa njia mbili, na mara nyingi hupunguza kelele ya kibadilishaji cha paneli za jua.

Hapa ndipo haki ya mjomba inapokwisha, maana transfo nzuri haiundwi mezani kwa siku moja. Wengine huitoa katika modemu ya zamani au mashine ya faksi. Itafanya kazi, lakini ilifanywa kwa sauti ya mtu aongeaye simuni, isiyohitaji chini ya mitetemo 300 kwa nukta, na uzi mnene wa gita hutetema mara 82. Gita litasikika jembamba, kama limepata mafua. Afadhali kwenda kwa wauzaji wa redio za magari na kuuliza kile kichujio kidogo cha kuondoa mngurumo, kinachochomekwa kati ya redio na ampli ya gari. Ndani yake, ukikipata kile cha kweli, mna transfo mbili ndogo, ya kuume na ya kushoto. Moja utaitumia, ya pili utaiweka akiba. Bei yake ni ndogo sana kuliko ya kisanduku cha gita.

Tusimdhulumu mwuzaji. Kisanduku kizuri cha dukani kina jambo la tatu. Bafle ya gita haitoi sauti za juu kabisa. Hukata zile kali, na masikio yetu yamezoea hivyo. Sauti ichukuliwayo kwenye waya, kabla ya bafle, huwa na ukali kama wa nyuki ndani ya chupa, hasa ampli ikipigwa hata kukwaruza. Visanduku vingine vya ng'ambo vina kichujio cha kuiga bafle, na hufanya vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Hata hivyo mjomba aweza kukaribia: alehemu kondensa ya nanofaradi 33 juu ya ile rezistansi ya omu 1,000. Sauti zilizo juu ya mitetemo 5,000 hivi zitaanza kushuka. Si bafle, lakini nyuki watatulia.

Mtu asione haya kwa kuunda. Huko Detroit, Marekani, katika miaka ya 1960, fundi Ed Wolfrum aliunda kwa mikono yake visanduku vya transfo vya kupeleka gita moja kwa moja mezani, na studio za mji ule, pamoja na ile ya Motown, zilikuwa na fedha za kutosha. Na katika nchi yetu, Mawangu Mingiedi wa Kinshasa, mwanzilishi wa kundi la Konono No. 1, aliitengenezea likembe yake maikro kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Sahani yao iitwayo Congotronics, iliyotolewa mwaka 2004, ilisikilizwa hata Ulaya na Marekani, na wasikilizaji wa huko waliupenda mkwaruzo wenyewe wa vyombo vile.

Kwa mtu wa Masisi au Walikale sababu kubwa ya kuunda ni barabara, kuliko hata bei. Kisanduku cha dukani hufungwa hata kisifunguliwe, na pengine vyombo vyake hulehemiwa kwa mashine, vidogo kama punje za ulezi. Kikifa Pinga au Walikale-kati, hakuna wa kukifufua. Chataka safari ya Goma. Nani asiyejua safari hiyo ilivyo? Mwaka 2025 Masisi-kati ilitekwa Januari, Goma mwisho wa mwezi ule ule, Walikale-kati ikafuata Machi kabla ya wapiganaji wa M23 kuondoka humo Aprili. Mtu aliyekuwa akingoja kifurushi chake siku zile alingoja bure. Kisanduku kilichoundwa kijijini hutengenezwa kijijini, na aliyekiunda ajua kila waya wake.

Neno moja la kando. Waya wa lehemu atakaoutumia mjomba umefanywa kwa bati, mara nyingi likichanganywa na risasi. Karibu nusu ya bati yote ya dunia huishia katika lehemu. Na Bisie, katika msitu wa Walikale, pana mmoja wa migodi mikubwa ya bati duniani; watu walianza kuchimba kasiterite huko mnamo 2002, na ndege zilikuwa zikitua juu ya barabara yenyewe huko Kilambo ili kuyachukua mawe hayo. Mawe huenda ng'ambo, huyeyushwa huko, kisha bati hurudi Goma limezungushwa kwenye kigurudumu cha plastiki, nasi twalinunua kwa kipimo kidogo. Kila tunapoona moshi wa lehemu twalikumbuka jambo hilo, na hatucheki.

Basi jibu letu ni hili: nunua transfo, unda mengine yote, na fedha inayobaki inunue nyuzi. Ikiwa multimeta itaonyesha kwamba ampli si ya pande mbili, bado twakushauri uweke transfo, maana siku moja utaazima ampli ya mwingine. Na ukiazimwa ampli ya kizamani yenye taa za kioo ndani, usiifungue, maana volti zake huua mtu. Wala usiipige kamwe bila bafle yake, kisanduku kiwepo kisiwepo, maana itaungua.

Kopo la bati lafaa, kwa kuwa huzuia kelele za nje. Lakini waya mbili zitokazo kwenye bafle zipite katika tundu lenye mpira, zisiguse bati hata kidogo, wala usifunge jaki ya kuingilia upande huo. Rezistansi, kondensa na uzi wa kwanza wa transfo vikae vimefunikwa kwa utepe. Uzi wa pili uende kwenye jaki ya kutokea. Hiyo peke yake ndiyo iguse kopo. Kabla ya kuchomeka, pima kwa multimeta kati ya kila waya wa bafle na bati: pasiwe na njia ya umeme kabisa. Ndugu wa Walikale, ambako msitu huleta unyevu mwaka mzima, wapake rangi ndani na nje, na jaki waifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya misa, la sivyo kutu itaanza kuimba kabla ya kwaya.

Siku ya kwanza vifungo vyote vya meza viwe sifuri. Piga gita kwa nguvu uliyozoea, mjomba asimame mezani, apandishe kifungo kimoja polepole. Ukisikia gita nyuma ya kanisa, tuandikie utuambie lilivyolia.