Mtoto asingojeshwe kwa kuogopa damu iliyolala



Baada ya swala ya Ijumaa huko Buswelu, baba mmoja alitusimulia jambo ambalo halijatutoka moyoni. Binti yake mdogo aliishiwa damu kwa malaria. Chupa ya damu ilipoletwa, babu wa mtoto akaona tarehe ya mwezi uliopita, akaizuia: "Mjukuu wangu hawekewi damu iliyolala. Ngojeni wajomba zake watoe mbichi." Saa zikapita. Mtoto alipona, alhamdulillahi, nasi tukajiuliza iwapo hofu ile ina msingi.

Chembe ya ukweli imo. Damu huhifadhiwa kwenye jokofu, nyuzijoto 2 hadi 6, na mara nyingi mwisho wake ni siku ya 35. Kadiri siku zinavyosonga, seli nyekundu hudhoofika na madini ya potasiamu huvuja kutoka ndani yake. Kwa hiyo yuko mgonjwa, kama kichanga anayebadilishwa damu, ambaye tabibu humtafutia iliyo mpya zaidi.

Hata hivyo, swali hili limekwisha kupimwa kwa jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dkt. Aggrey Dhabangi na wenzake walichunguza watoto 290 wenye upungufu mkubwa wa damu, wengi wao kwa malaria au selimundu. Kundi moja liliwekewa damu ya siku 1 hadi 10, jingine ya siku 25 hadi 35. Matokeo yaliyochapishwa Desemba 2015 yalionyesha kwamba damu ya zamani haikuwa duni katika kuurudishia mwili oksijeni.

Na damu ya wajomba haiingii mshipani papo hapo. Sharti ilinganishwe kundi, ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Mtoto anayehema kwa shida hana muda huo.

Basi tuwaachie matabibu uamuzi wa chupa, nasi tutangulize sadaka yetu kabla ya dharura. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa damu kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Ziwa kipo hapa hapa Mwanza. Wajomba waende wiki hii, wala wasingoje kuitwa usiku.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Amin.