Kumpigia rafiki kura sio kutupa linki tu

Leo naongelea hizi "naomba kura yako". Msimu wa mashindano ya wajasiriamali ukifika simu inajaa linki. Mtu hajanisalimia mwaka mzima, leo anatupa linki na emoji za mikono. Mi sibonyezi, na nyie msibonyeze.

Sio roho mbaya. Matapeli wa WhatsApp wanaipenda sana njia hii. Unafungua linki, unaambiwa weka namba yako ya simu, halafu inaingia meseji yenye namba sita, unaambiwa ziandike ili kura yako ihesabike. Zile namba sita hazihusiani na kura, ndio ufunguo wa WhatsApp yako. Ukizitoa akaunti imeondoka, na muda si mrefu wateja wako wanaombwa hela kwa jina lako. Kwa sisi ambao oda zote zinapita humo, hapo duka limefungwa. Ingia kwenye mipangilio sasa hivi, sehemu ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili.

Sasa, jirani yangu wa fremu ya pili ni fundi nguo na yumo kwenye shindano. Zawadi ni cherehani ya umeme, wakati ile yake ya miguu kila wiki inalala kwa fundi. Namuunga mkono haswa, ila kwa utaratibu. Kwanza tulikaa tukasoma masharti: kura ni bure au inakatwa hela? Hapo ndo wengi wanaruka. Kura moja ikiwa shilingi 500, kura 200 ni laki moja, na hiyo laki haiendi kwa rafiki yako, inaenda kwa mwandaaji. Bora laki yangu nimpe kazi ya kushona nione nguo. Bahati nzuri la kwake ni bure, unabonyeza jina lake basi, haliombi namba yoyote.

Jambo la pili, wateja wangu sio wa kugawa. Namba zao walinipa niwaambie mzigo umefika, hawakunipa za kampeni. Najua kuna atakayesema mjini ni kusaidiana. Sawa, lakini mteja ukimchosha na yasiyomhusu anakubloku kimyakimya, siku una mzigo mpya unaongea peke yako. Kwa hiyo kwa wote nimeweka stetasi tu, anayetaka ataangalia. Waliowahi kushonewa na yeye ndio nawafuata mmoja mmoja: "Shikamoo mama, yule fundi aliyeshona gauni la kipaimara la binti yako anashindania cherehani, naomba umpigie kura, ni bure." Meseji ya hivyo inajibiwa. Juzi wawili walipiga kura na wakaulizia bei ya sare za shule, yaani hata akikosa cherehani, oda zipo.

(Na wale wanaouza kura mtandaoni, kaeni nao mbali. Mwandaaji akigundua jina linafutwa.)

Zimebaki siku nne. Yuko wa tatu, wa kwanza kamzidi kura sitini na kitu. Leo jioni tunapita kwa akina mama wa kwaya aliowashonea sare, wako zaidi ya thelathini na wengi hawajui hata kama yuko kwenye shindano.