Baridi ya Ufipa na Moto wa Bure

Hapana desturi iliyo ngumu kung'olewa kama ile inayofanana na uangalifu. Katika Sumbawanga na vijiji vya uwanda wa Ufipa, ifikapo miezi ya Juni na Julai, wako wenye motokaa ambao huamka alfajiri, huwasha injini, kisha hurudi ndani kuoga na kunywa chai, na gari huachwa likinguruma uani kwa dakika kumi na tano, ishirini, au zaidi. Atendaye hivyo husifiwa kuwa mtunzaji wa mali. Aondokaye mara huambiwa kuwa anaua injini. Sifa hiyo na lawama hiyo zote mbili zimewekwa mahali pasipo pake.

Baridi ya Ufipa si hadithi. Mji wa Sumbawanga umekaa kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na upepo utokao milima ya Mbizi haumhurumii asiye na koti. Usiku wa kipupwe joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Lakini baridi hiyo ni adui wa ngozi, si adui wa chuma. Oili yenye alama 15W-40, inayotumiwa sana katika magari ya dizeli, hupimwa uzito wake katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kabla ya kupewa alama hiyo. Katika Siberia na kaskazini ya Kanada, ambako baridi huweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, injini hutiwa joto kwa umeme kabla ya kuwashwa. Huko haja ipo. Kuileta hofu ya Siberia Sumbawanga ni kumeza dawa ya maradhi ya jirani.

Desturi hii haikuzuka bure. Petroli iliyo baridi haigeuki mvuke kwa wepesi, na kabureta ya zamani haikuwa na njia ya kupima baridi. Dereva alivuta choki ili petroli izidi hewa, akangoja. Lau aliondoka kwa haraka, gari lilikwama au lilizimika njiani. Kungoja dakika chache kulikuwa hekima. Lakini kuanzia miaka ya 1980 na 1990 magari mengi ya petroli yaliacha kabureta, na kazi ya kupima mafuta ikapewa kompyuta inayosoma joto la injini kila wakati. Sababu imekufa, amri imebaki. Na amri isiyo na sababu hudai utii bila kutoa faida.

Tena haikosi hasara tu kwa kukosa faida. Injini iliyo baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida. Sehemu yake haiungui, bali huteleza katika kuta za silinda, ikaosha utando wa oili unaolinda pistoni na ringi zake, kisha ikashuka kuchanganyika na oili iliyo chini. Injini isiyo na kazi hupata joto polepole, na kwa hiyo muda wa madhara hayo hurefushwa na yule yule anayedhani kuwa anaufupisha. Oili yenyewe hufika panapohusika kwa sekunde chache. Nusu dakika, au dakika moja, yatosha. Kisha gari liende taratibu, bila kukanyagiwa mafuta kwa nguvu, mpaka joto lilingane. Difu, magurudumu na tairi navyo hupata joto kwa mwendo, wala havipati kwa kusimama.

Aibu ya kosa hili huzidi kwa kutendeka Ufipa. Wahenga wa nchi hii walikuwa mabingwa wa kufua chuma. Tanuri lao kubwa la udongo, ilungu, lilipita kimo cha mtu na likavuta hewa lenyewe bila mivukuto. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto. Mafundi wale walijua kila moto na kazi yake, na kila tanuri na hewa yake. Hawakuteketeza makaa kwa ajili ya kusikia mvumo.

Wateteaji husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali ni njema, lakini haimwamuru mtu kulala juu ya mbacha uliooza. Husema pia kuwa lori huhitaji kungoja. Hilo ni kweli: lori lenye breki za upepo lisiondoke kabla upepo haujajaa, na kioo chenye ukungu kifutwe kabla ya safari. Hata hivyo dereva wa lori hungoja breki na macho yake, hangoji desturi, na kipimo cha upepo humwonyesha mwisho wa kungoja. Mwenye gari dogo anayejificha nyuma ya lori hana kipimo anachokitazama isipokuwa birika la chai.

Gharama nayo si ndogo. Injini ya petroli ya lita mbili, ikinguruma bila kwenda, huteketeza yapata lita 0.6 kwa saa. Dakika ishirini kila siku, kwa siku 61 za Juni na Julai, ni lita kumi na mbili za safari isiyokwenda popote. Ujerumani, nchi yenye baridi kuliko Ufipa, sheria ya barabarani hukataza kuacha injini ikinguruma bila ya lazima.

Lakini fedha hurudi, pumzi hairudi. Moshi wa injini baridi ni mchafu kupita wa injini moto, kwa kuwa masega yaliyo katika bomba la moshi hayafanyi kazi sawasawa mpaka yapate joto la nyuzi mia mbili na zaidi. Ndani ya moshi huo imo kaboni monoksidi, hewa isiyo rangi wala harufu, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Gari linaloachwa likinguruma katika banda lililofungwa, au chini ya dirisha la chumba cha watoto, ni jiko hilo hilo lenye magurudumu. Mzazi anayelitoa jiko nje usiku kwa kuogopa kifo, kisha alfajiri akaliwasha gari dirishani kwa kuogopa baridi, hajajua bado alichokiogopa.

Jina la Sumbawanga husemwa kuwa maana yake ni kutupa uchawi. Mwanachuo anayecheka hirizi ya mkulima, huku akitii amri ya kabureta ambayo gari lake halina, na atupe wake kwanza: awashe, afunge mkanda, aondoke taratibu.