Mtoto Hakomazwi kwa Bweni na Fimbo

Kaa kwenye kikao cha wazazi, Kibaha au Kisarawe, hutakosa kumsikia anayesema watoto wa siku hizi ni legelege: wapelekwe bweni wangali wadogo, wachapwe, wakomae. Methali anayo mdomoni, mchelea mwana kulia hulia yeye. Makofi!

Napinga. Mtoto wa miaka sita aliyetenganishwa na mama yake hajifunzi kustahimili, anajifunza kunyamaza. Ndiyo maana Serikali ilifanya vyema mwaka 2023 ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Fimbo nayo humfundisha kuzisoma hasira za mwalimu, basi.

Mtazame mtoto huyohuyo akiunda kigari cha waya. Gurudumu alilolikata kwenye kandambili limekwenda upande, halizunguki. Hana wa kumwogopa wala wa kumsingizia. Atalitupa, atanuna, kisha atakata jingine. Au aketi mkekani na bibi yake wakisuka ukili: akiruka jani moja, kosa halionekani mpaka ameshasonga mbele, ndipo bibi anasema, "Fumua, mjukuu wangu." Anafumua kazi aliyoitolea jasho, anaanza tena, na hakuna aliyemgusa. Huo ndio ukakamavu.

Wapo watakaosema shule si mahali pa kuchezea waya na ukili. Lakini Kibaha hapohapo, mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 uliweka sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima pamoja. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akaandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka kazi ya mikono iwe sehemu ya masomo. Sisi tukaifanya kazi hiyo adhabu: kachote maji, kalime shamba la mwalimu. Jembe likawa fimbo nyingine, kisha tunashangaa kwa nini watoto wanaichukia kazi.

Na kisu cha kukatia kandambili je? Ndiyo, kisu pia, mtu mzima akiwa karibu.

Kamati za shule, tengeni mchana mmoja kwa wiki wa kazi za mikono chini ya mwembe. Waiteni kina bibi wasukaji na wafinyanzi wa mtaani, muwalipe. Nanyi wazazi, kigari kikivunjika, msikitengeneze ninyi.