Kadi ya kijani si hati ya shamba

Nikiwa Kipsongo, Kitale, nimesikia swali lile lile tunaloulizana Mombasa: mwenye kadi ya kijani ya Marekani akija kumuuguza mzazi, akae hadi lini? Wengi hutazama miaka 10 iliyoandikwa kwenye kadi, na hapo ndipo wanapopotea. Ukipitisha mwaka mmoja nje bila kibali cha kurejea, kadi pekee haikuingizi tena. Kibali hicho hudumu hadi miaka 2, na huombwa ukiwa ungali Marekani. Aliyechelewa hubaki kuuthibitishia ubalozi wao wa Nairobi kwamba alikusudia kurudi, akazuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Ndugu zangu, mzazi haachwi. Lakini kabla ya kupanda ndege, ombeni kibali.