Risala ya Wazazi wa Darasa la Awali kwa Afisa Elimu wa Halmashauri

Ndugu Afisa Elimu wa Awali na Msingi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu wote mliopo,

Sisi ni wazazi na walezi wa watoto wa darasa la awali katika shule hii ya serikali, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Wengi wetu ni mama ntilie, madereva wa bodaboda, wauza mboga na vibarua wa ujenzi. Tuliyokuja nayo ni haya: serikali yenyewe imeandika darasa la awali linatakiwa liweje. Tumelipima darasa la watoto wetu kwa kipimo hicho hicho cha serikali, na limepungua sana. Tunadai lifikishwe kwenye kipimo hicho.

Tangu mwaka uanze, wenzetu wamekuwa wakiwatoa watoto mmoja mmoja na kuwapeleka chekechea za kulipia huko mtaani. Wapo waliochukua mkopo wa vikoba ili wapate ada. Jambo hili lilipofika kwenye mkutano wa wazazi, tulibishana mpaka jua likazama. Upande mmoja ulilalamika kwamba mtoto wa kayumba, yaani shule ya serikali, anamaliza mwaka hajui kuandika jina lake, wakati mtoto wa jirani anahesabu kwa Kiingereza. Upande wa pili ulishikilia kwamba mtoto wa miaka mitano kazi yake ni kucheza na kuzoea shule, kusoma kutakuja. Mwisho tukaona kubishana juu ya darasa ambalo hatujawahi kukaa ndani yake hakutufikishi popote. Tukamwomba Mwalimu Mkuu ruhusa, naye akaitoa kwa moyo mweupe. Kwa zamu, tukaingia tukakaa nyuma ya darasa, tukatazama.

Kwanza tumseme vizuri mwalimu wa darasa hili, maana anastahili. Anawajua watoto wote kwa majina. Anajua yupi amelala bila kula na yupi anaishi na bibi yake. Amekusanya vizibo vya soda vya kuhesabia, ameshona wanasesere kwa vitambaa alivyoomba kwa fundi cherehani, na chati za ukutani amezichora kwa mkono wake. Malalamiko yetu hayamhusu. Tunalalamika kwa sababu yuko peke yake na watoto wanaozidi mia, wakati kiwango cha serikali kwa elimu ya awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25.

Tuwaeleze asubuhi moja tu jinsi ilivyokwenda. Mwalimu aliandika herufi ubaoni, watoto wakaimba baada yake, kisha wakaambiwa waandike kwenye madaftari. Walioketi mbele waliandika. Wa nyuma hawakuwa wakiuona ubao vizuri, na baadhi yao walikuwa wakisubiri penseli ya mwenzao. Waliomaliza wakapanga foleni ya kusahihishiwa. Sasa hesabuni wenyewe: mwalimu akitumia nusu dakika tu kwa kila daftari, watoto mia wanakula dakika hamsini, na kipindi cha darasa la awali kimepangwa kuwa dakika 20. Nusu dakika hiyo inatosha kuweka alama ya vema au kosa. Haitoshi kumshika mtoto mkono na kumwonyesha namna ya kukamata penseli. Katika foleni ile mtoto mmoja alilala amesimama, kichwa kimeegemea mgongo wa mwenzake. Wawili wakapigana, mwalimu akainuka kuwaamua, foleni ikavunjika, na kazi ikaanza upya.

Juu ya ukuta wa nyuma kuna kibao kilichoandikwa kona za ujifunzaji: kona ya lugha, kona ya hesabu, kona ya mahitaji ya nyumbani. Mtaala wa elimu ya awali unataka mtoto ajifunze kwa kucheza kwenye kona hizo, ashike vitu, apange, abomoe, aulize. Chini ya kibao kile pamerundikwa madawati mabovu ya darasa la tano. Mwalimu alituambia kwamba hata yangeondolewa leo, hawezi kuwagawa watoto mia kwenye kona akiwa peke yake, kwa sababu akiinamia kona moja, nyingine zote hazina mtu mzima. Tulimwelewa.

Tulikwenda pia kutazama chekechea mbili za kulipia ambako wenzetu wamehamishia watoto. Tunasema kwa uwazi tulichokiona, kwa sababu kinawahusu na wazazi wenzetu. Kiingereza kinachosifiwa mtaani ni nyimbo za kukariri, na watoto wenyewe hawakuweza kutueleza maana yake. Katika moja ya chekechea hizo mtoto anabebeshwa kazi za nyumbani za kurasa nzima, jambo ambalo hata sisi tusio walimu tumeona linamwonea. Lakini darasani mlikuwa na watoto wasiofika ishirini na watano. Mwalimu alikaa chini kwenye mkeka pamoja nao. Choo kilikuwa kifupi, cha kimo chao, na ndoo ya maji yenye koki ilikuwa mlangoni. Kwa hiyo tumekubaliana, sisi tuliokuwa tumegawanyika, kwamba ada ile hainunui elimu bora kuliko iliyoandikwa kwenye mtaala wa serikali. Inanunua uchache wa watoto darasani. Na uchache huo ni haki ambayo serikali imeshawaahidi watoto wetu bila ada.

Ndugu Afisa Elimu, hatuombi kitu kigeni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukafuta ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 watoto wakamiminika. Nchi nzima, watoto wa awali waliongezeka kutoka milioni moja na kidogo mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2016. Sisi tuliifurahia hatua hiyo na bado tunaifurahia. Wengi wa watoto hawa wasingeonja darasa la awali bila hiyo. Lakini mzazi akilazimishwa kumleta mtoto, upande wa pili nao unalazimika kuwa na mwalimu wa kumpokea. Kwetu, watoto waliongezeka na mwalimu akabaki yule yule.

Tena hata mwalimu huyo mmoja hatuwi naye mwaka mzima. Septemba, darasa la saba wanapofanya mtihani wa taifa, watoto wa awali hurudishwa nyumbani kwa sababu shule nzima inapisha mtihani. Hilo tunalielewa. Tusilolielewa ni kwamba wiki kadhaa kabla ya hapo mwalimu wa awali huwa ameshavutwa kwenda kusaidia madarasa ya mitihani, na watoto wetu wanaangaliwa na mwanafunzi wa darasa la sita. Mwalimu wa darasa la tatu akiugua, anayezibia ni mwalimu wa awali. Darasa la awali limefanywa akiba ya shule: kila palipopungukiwa, panachotwa hapo.

Kwa hiyo dai letu la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni walimu. Darasa hili ligawanywe mikondo, na kila mkondo upate mwalimu aliyesomea elimu ya awali. Tunajua kufika watoto 25 kwa mwalimu mmoja hakuwezekani kwa mwezi mmoja. Tunataka mpango wenye tarehe: mwalimu wa pili lini, wa tatu lini. Wakati tukisubiri ajira, halmashauri iwatumie vijana waliohitimu ualimu ambao wamejaa mitaani kwetu wakijitolea, na posho yao itoke halmashauri. Tunalisema hili kwa sababu tayari wazazi tumeanza kuchangishwa shilingi mia mia za kumlipa kijana anayejitolea, na mtoto wa asiye na mia anaachwa nje ya kundi la kijana huyo. Hiyo ni ada iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Na mwalimu wa awali asihamishiwe darasa jingine pasipo mbadala wake kufika kwanza.

La pili ni choo. Watoto wetu wanatumia matundu ya wakubwa. Tundu ni pana, giza ni nene, na mtoto wa miaka mitano anaogopa kutumbukia. Matokeo yake wanajibana mpaka wanajichafua darasani, na wengine wanakwenda nyuma ya ukuta. Mmoja wa watoto hao amekataa shule kabisa tangu wenzake walipomcheka. Tunadai choo cha watoto wadogo, chenye matundu madogo na maji ya kunawa karibu. Mafundi waashi wamo miongoni mwetu na wako tayari kutoa nguvukazi. Halmashauri ilete saruji, mabati na mchoro.

La tatu ni uji wa shuleni, na juu yake hatuna maneno mengi. Mtoto anayeamka alfajiri mama yake anapokwenda kuchoma vitumbua hawezi kusikiliza chochote ifikapo saa nne akiwa na njaa. Tuko tayari kuchangia mahindi na kuni. Tunachotaka ni mwongozo wa maandishi kutoka kwako ili mchango uwe wa hiari, uandikwe, usomwe kwenye mkutano, na mtoto ambaye kwao wameshindwa anywe uji sawa na mwenzake. Katika mwongozo huo huo, mwagize Mwalimu Mkuu abandike kwenye ubao wa matangazo ruzuku ya uendeshaji inayoingia, na aonyeshe kiasi gani kimetumika kwa darasa la awali. Tangu darasa hili lianze hatujawahi kuona hata ndoo iliyonunuliwa kwa ajili yake.

Wapo pia watoto wa miaka mitatu wanaofuatana na kaka na dada zao, kwa sababu nyumbani hakuna wa kuwaangalia. Mwalimu hawezi kuwafukuza, nasi hatutaki wafukuzwe. Lakini Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inazungumzia malezi ya watoto wa umri huo. Mheshimiwa Diwani, hapa tunakugeukia wewe: ile ofisi ya zamani ya serikali ya mtaa, iliyofungwa kwa kufuli, inafaa kuwa kituo cha kulelea watoto mchana. Kufuli lifunguliwe.

Jambo la mwisho ni la namna ya kuwapima watoto wenyewe. Mwaka jana baadhi yao walizuiwa kuingia darasa la kwanza kwa kuwa hawakuweza kusoma silabi ubaoni. Elimu ya awali haina mtihani wa kumfelisha mtoto. Mwalimu anatakiwa amtazame mtoto anavyoendelea na aandike taarifa ya maendeleo yake. Tunadai taarifa hizo tupewe kila muhula, kwa Kiswahili chepesi: mtoto anazungumzaje, anacheza na nani, anaweza nini kwa vidole vyake, anaogopa nini. Na mtoto aliyetimiza umri aende darasa la kwanza. Miongoni mwa waliozuiwa yumo msichana ambaye hasikii vizuri. Alihitaji kuketishwa mbele na kupimwa masikio, wakamrudisha awali kwa mwaka wa pili.

Ndugu Afisa Elimu, uandikishaji wa watoto wa mwaka ujao unaanza Oktoba. Kabla ya siku hiyo tunataka majibu ya maandishi, dai kwa dai, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na kwenye ofisi ya mtaa, ili kila mzazi aamue amwandikishe mtoto wake wapi akiwa anajua kinachomsubiri. Wajumbe wetu watano, wanawake watatu na wanaume wawili, watafika ofisini kwako wiki ijayo kuchukua tarehe ya majibu hayo. Orodha ya watoto wote wa darasa hili, pamoja na umri wao, tumeiambatisha.

Tunaomba kuwasilisha.

Wazazi na walezi wa watoto wa darasa la awali